MGANGA HAJIGANGI: MAISHA YA EDGAR CAYCE

Wahenga walisema kwamba mganga hajigangi. Wengi wetu tumelisikia neno hilo tangu utoto wetu, lakini ni wachache waliofikiri maana yake yote. Katika habari hii nataka kuwaeleza wasomaji maisha ya mtu mmoja wa Marekani ambaye kwa zaidi ya miaka arobaini aliwatafutia watu wengine dawa, na mwishowe akashindwa kuifuata dawa aliyopewa yeye mwenyewe. Jina lake ni Edgar Cayce. Kazi yake ilikuwa kupiga picha. Lakini sifa yake ilitokana na jambo jingine, nalo ni kwamba alikuwa akilala usingizi na, hali amefumba macho, akieleza maradhi ya watu ambao pengine hajapata kuwaona. Wako waliomwita mtume na wako waliomwita mdanganyifu. Mimi nitaeleza yaliyotokea, na kila msomaji atapima mwenyewe.

Edgar Cayce alizaliwa tarehe 18 Machi, 1877, katika shamba karibu na mji wa Hopkinsville, jimbo la Kentucky. Wazee wake walikuwa wakulima. Alipokuwa na umri wa miaka minne alimwona babu yake, ambaye alimpenda mno, akifa majini baada ya farasi kumtupa bwawani. Yeye alikuwa mtoto mpole, mwenye kupenda kukaa peke yake na kusoma Biblia. Tangu ujana wake aliazimia kukisoma kitabu hicho chote kila mwaka, na azimio hilo alilishika mpaka kufa kwake. Alipokuwa mtu mzima alifundisha shule ya Jumapili katika kila mji aliokaa.

Yafaa hapa tukumbuke hali ya nchi yake siku zile. Tangu mwaka 1848, wasichana wa ukoo wa Fox katika kijiji cha Hydesville, jimbo la New York, waliposema kwamba roho za wafu hubisha na kuwajibu maswali, imani ya kusema na wafu ilikuwa imeenea sana Marekani na Uingereza. Waliojiita wajumbe wa roho walikuwa wengi, na wengine kati yao walikamatwa wakifanya hila za mikono na miguu gizani. Watu walimhesabu Cayce pamoja na hao. Yeye mwenyewe alikataa. Alisema kwamba ni Mkristo wa kawaida, na kwamba haiti mizimu wala hafanyi kazi gizani. Walakini hakuweza kueleza jambo lake lilitoka wapi.

Yasimuliwa kwamba shuleni Edgar alikuwa mzito. Usiku mmoja baba yake alimkalisha na kitabu cha tahajia, akamwuliza neno baada ya neno, na kila mara kijana akakosea. Baba akakasirika, akatoka chumbani kwa muda kidogo. Aliporudi alimkuta mwanawe amelala, kichwa juu ya kitabu. Alipomwamsha na kumwuliza tena, kijana alijua maneno yote, hata ukurasa uliokuwa na kila neno. Hivyo ndivyo watu wa nyumba yake walivyosimulia. Wenzangu, tusidanganyike tukaweka vitabu chini ya mito usiku wa kuamkia mtihani! Hata Edgar mwenyewe hakufika mbali katika masomo. Kwa sababu ya umaskini wa nyumbani aliacha shule angali kijana, akaenda mjini kufanya kazi katika duka la vitabu.

Huko Hopkinsville alimposa binti mmoja, Gertrude Evans, mwaka 1897. Lakini mshahara ulikuwa mdogo, na uchumba ukachukua miaka sita. Akitafuta fedha za kuoa, Edgar alianza kuuza bima akizunguka mji hata mji. Mwaka 1900 sauti yake ikapotea. Alibaki akinong'ona tu, na madaktari walijaribu dawa zao bila kufanikiwa. Muuza bima asiyeweza kusema atauza nini? Basi aliiacha kazi ile, akajifunza kupiga picha, kwa maana mpiga picha hahitaji maneno mengi.

Siku zile walikuwako watu waliojua ufundi wa kumlaza mtu usingizi kwa maneno, usingizi ambao mlalaji husikia na kujibu anaposemeshwa. Mmoja wao alimjaribu Edgar. Alipokuwa amelala sauti ilitoka vizuri, lakini alipoamka ikapotea tena. Ndipo mtu mwingine wa mji uleule, jina lake Al Layne, aliposhauri kwamba Edgar alale, kisha aulizwe mwenyewe ni nini kinachomdhuru. Wakafanya hivyo tarehe 31 Machi, 1901. Edgar, naye yu usingizini, alisema kwamba mishipa ya koo imebana, na kwamba damu ikiamrishwa ipite pale kwa wingi atapona. Layne akaamrisha. Waliokuwapo walisema kwamba waliiona shingo yake ikigeuka nyekundu. Alipoamka alikuwa akisema kama watu wengine.

Layne, aliyekuwa na ugonjwa wa tumbo wa siku nyingi, alitaka na yeye aulizwe habari zake. Alipata nafuu, akawaleta wagonjwa wengine. Edgar hakufurahi. Aliogopa kwamba siku moja atasema dawa itakayomwua mtu, naye hajui hata alilolisema, maana alipoamka hakukumbuka kitu. Lakini mwaka 1902 aliitwa kwa ajili ya mtoto wa kike wa miaka mitano, ambaye tangu alipougua homa ya mafua akiwa na miaka miwili akili yake haikukua, na alikuwa akishikwa na kifafa mara nyingi. Edgar alilala, akasema kwamba mtoto aliumia uti wa mgongo kabla ya kuugua, akaeleza namna ya kuunyosha. Layne akaunyosha kama alivyoelekezwa. Wazazi walishuhudia kwamba baada ya muda mfupi mtoto alianza kuita majina ya vitu na kucheza kama watoto wenziwe. Tangu siku hiyo Edgar aliona vigumu kukataa, kwani je, ikiwa kweli anaweza kumsaidia mtoto, naye akakaa kimya kwa woga?

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa nyepesi. Alilegeza tai na kamba za viatu, akajinyosha juu ya kochi mchana kweupe, akaweka mikono juu ya paji la uso kisha kifuani, akavuta pumzi ndefu. Mtu mmoja, na kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa mkewe, alimsomea jina la mgonjwa na mahali alipo. Mgonjwa aliweza kuwa katika chumba kile au katika mji wa mbali. Kisha mlalaji alianza kusema kwa sauti ya kawaida juu ya damu, mishipa, tumbo na mgongo, akataja na dawa. Maelezo hayo nitayaita kauli. Dawa zenyewe mara nyingi zilikuwa za kawaida: vitambaa vilivyochovywa katika mafuta ya mbarika na kuwekwa tumboni, kukandwa kwa mafuta ya karanga, kunyoshwa uti wa mgongo, kula mboga kwa wingi na kupunguza nyama. Pengine alitaja dawa za dukani, hata zile zilizokuwa zimesahauliwa.

Edgar na Gertrude walioana mwezi wa Juni, 1903, wakakaa Bowling Green, ambako alifungua studio ya kupiga picha. Moto uliiteketeza studio hiyo pamoja na picha za thamani ambazo wenyewe walimwachia aziuze. Hakukimbia deni lile, bali alifanya kazi mpaka akalimaliza. Hukohuko madaktari waliomshuku walimjaribu. Alisimulia kwamba siku moja, alipokuwa amelala, walimchoma kwa sindano, na mmoja akamwinua ukucha kwa kisu ili aone kama anajifanya. Hakutikisika, lakini alipoamka maumivu yalimshika sana. Akaapa kwamba hatalala tena kwa ajili ya kuwathibitishia wenye shaka. Atalala kwa ajili ya wagonjwa tu.

Mwaka 1910 daktari kijana wa Hopkinsville, Wesley Ketchum, aliwaandikia madaktari wenzake habari za mtu huyu, na tarehe 9 Oktoba gazeti la New York Times likazichapa. Mara barua zikaanza kumiminika. Ketchum na wenziwe walifanya shirika na Cayce, wakamwekea studio na ofisi. Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Baadaye Cayce aligundua, kama alivyosimulia, kwamba usingizi wake ulikuwa ukitumiwa kwa siri kutafuta fedha za kamari. Hapo ndipo alipoelewa kwa nini baada ya siku nyingine alikuwa akiamka na kichwa kinachouma vibaya. Alivunja shirika lile na kuondoka, ijapokuwa hakuwa na akiba.

Kabla ya kuondoka msiba ulimfika nyumbani. Mwezi wa Machi, 1911, mkewe alijifungua mtoto wa pili wa kiume, Milton. Mtoto aliugua upesi. Madaktari wakaitwa, na Edgar, ama kwa kusitasita ama kwa kuwategemea madaktari, hakufikiri kulala kwa ajili ya mwanawe mpaka hali ilipokuwa mbaya kabisa. Alipolala, kauli ilisema kwamba wakati umepita. Milton alikufa mwezi wa Mei, hajatimiza hata miezi miwili. Aliyekuwa akiulizwa habari za watoto wa watu wasiojulikana alikuwa amechelewa kuuliza habari za wake. Jambo hilo lilimtesa maisha yake yote.

Hazikupita siku nyingi, Gertrude naye akashikwa na kifua kikuu, na madaktari wakakata tamaa. Safari hii Edgar hakungoja. Alilala mbele ya madaktari, na kauli ikataja dawa za kumeza, pamoja na mvuke wa pombe kali ya matofaa iliyowekwa katika pipa la mwaloni lililounguzwa ndani. Madaktari hawakupendezwa, lakini mmoja alikubali kuandika dawa ile. Gertrude alipona pole pole, akaishi miaka mingi zaidi ya thelathini.

Mwaka 1912 Cayce alihamia Selma, jimbo la Alabama, akafungua studio nyingine. Mwanawe wa kwanza, Hugh Lynn, alipokuwa na umri wa miaka sita au saba, alichezea unga wa kuwashia mwanga wa picha, ukalipuka usoni mwake. Daktari alishauri jicho moja litolewe. Baba alilala, na kauli ikasema lisitolewe. Mtoto awekwe katika chumba cha giza, macho yafungwe kwa vitambaa vyenye dawa. Baada ya kiasi cha majuma mawili vitambaa vilifunguliwa, naye akaona. Hivyo ndivyo familia ilivyosimulia, na Hugh Lynn mwenyewe alikua akawa mtu mzima mwenye macho mazima.

Tangu hapo Cayce alikuwa na shauku moja, kujenga hospitali ambamo wagonjwa watatibiwa kama kauli zilivyosema. Ili apate fedha alikwenda Texas kutafuta mafuta ya ardhini. Miaka ikapita, visima havikutoa kitu cha maana, akarudi mikono mitupu. Mwaka 1923 alimwajiri msichana wa miaka kumi na minane, Gladys Davis, aliyejua hati mkato. Huyu aliandika kila neno lililotoka katika kinywa cha mlalaji, akatunza nakala, na baadaye akaziwekea namba badala ya majina ili siri za wagonjwa zihifadhiwe. Kazi yake ya uaminifu ndiyo sababu kauli zaidi ya 14,000 zimehifadhiwa hata leo.

Mwaka huo wa 1923, katika mji wa Dayton, tajiri mmoja aliyependa elimu ya mambo ya siri alimwuliza mlalaji mambo yasiyokuwa ya ugonjwa. Jibu lilisema kwamba roho ya mtu hurudi duniani katika mwili mwingine. Alipoamka na kusomewa, Cayce alifadhaika sana, maana hayo hayakuwa mafundisho ya kanisa lake. Alifikiri hata kuacha kabisa. Baadaye alijiridhisha kwamba neno hilo halipingi imani yake, akaendelea. Lakini marafiki wengine walimwacha kwa ajili hiyo.

Mwaka 1925 alihamia Virginia Beach, kando ya bahari, na hapo shauku yake ikatimia. Mfanyabiashara wa hisa wa New York, Morton Blumenthal, alitoa fedha, na hospitali ya vitanda thelathini ikajengwa juu ya kilima cha mchanga. Ilifunguliwa tarehe 11 Novemba, 1928. Walikuwamo madaktari wenye vyeti na wauguzi. Cayce alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, naye aliona kwamba sasa Mungu amemfungulia mlango. Lakini mwishoni mwa mwaka 1929 biashara ya hisa ilianguka Marekani nzima, na zaidi ya hayo mfadhili na wenziwe wakahitilafiana. Mwezi wa Februari, 1931, hospitali ikafungwa. Hata haikutimiza miaka mitatu. Nyumba ile ilipita katika mikono ya watu wengine, na chama kilichoanzishwa mwaka huo na wafuasi wake hakikuipata tena mpaka mwaka 1956, Cayce akiwa kaburini.

Mwaka uleule wa 1931 askari kanzu wa kike alimwendea huko New York akijifanya mwenye shida, kisha akamkamata pamoja na mkewe na karani wake kwa kosa la kutabiri kwa fedha. Hakimu aliifuta kesi. Mwaka 1935 alishtakiwa Detroit kwa kutibu bila cheti, akaonekana na hatia, lakini hakufungwa. Hatuwezi kuilaumu sheria hiyo. Nchi isiyouliza vyeti vya waganga huwatupa wagonjwa wake mikononi mwa matapeli. Lakini ni haki kusema pia kwamba Cayce hakutajirika. Wasiokuwa na fedha aliwahudumia bure, na nyumbani kwake mara nyingi chakula kilikuwa cha shida.

Je, kauli zake zilikuwa za kweli? Hapa hatuna budi kuwa waangalifu. Waliopona waliandika barua za shukrani, lakini mtu huweza kupona kwa sababu nyingi, na wasiopona hawaandiki sana. Tena wengi walikuwa wakitibiwa na madaktari pia. Mwaka 1932, mtoto wa rubani mashuhuri Charles Lindbergh alipoibwa, Cayce aliombwa aseme mtoto yuko wapi, na maelezo yake hayakuwafikisha watu popote. Kauli nyingine zilisema kwamba sehemu ya nchi ya Atlantis iliyozama ingeibuka mwaka 1968 au 1969. Miaka hiyo ilipita na bahari ikabaki vilevile. Sayansi haikupata ushahidi kwamba mtu aliyelala anaweza kuuona mwili wa mtu wa mbali. Jambo la heshima ni kwamba Cayce hakuchoma karatasi zake. Yaliyokuwa sahihi na yaliyokuwa makosa, yote yaliandikwa na kuhifadhiwa, nasi twaweza kuyapima.

Sasa nafika mwisho wa habari. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kitabu cha maisha yake kilichotungwa na Thomas Sugrue kilitoka, na magazeti yakamsifu. Barua zikaja kwa magunia. Wengi waliandika habari za waume na wana waliokuwa vitani, wengine habari za wagonjwa walioachwa na madaktari. Wana wa Cayce wenyewe, Hugh Lynn na Edgar Evans, walikuwa jeshini. Kauli zilikuwa zimemwonya mara nyingi asilale zaidi ya mara mbili kwa siku. Lakini alipozisoma barua zile alikumbuka, pengine, mtoto wake wa mwaka 1911, akashindwa kumwambia mama wa mtu angoje. Alilala mara nne, mara sita, na zaidi, siku baada ya siku.

Mwezi wa Septemba, 1944, mwili ulikataa. Mara ya mwisho alipolala alilala kwa ajili yake mwenyewe, na kauli ilisema apumzike mpaka apone au afe. Alikwenda milimani kupumzika, lakini alikuwa amechelewa. Alipooza, akarudishwa nyumbani, na tarehe 3 Januari, 1945, akafariki, umri wake miaka sitini na saba. Gertrude alimfuata tarehe 1 Aprili mwaka huohuo. Alizikwa Hopkinsville, katika nchi aliyozaliwa.

Sisi wanafunzi tutajifunza nini? Kwanza, tusiamini jambo kwa kuwa linastaajabisha, wala tusilicheke kabla ya kulichunguza. Tuulize kama Gladys Davis alivyoturahisishia kuuliza, kwa kutazama yaliyoandikwa. Mgonjwa wetu tumpeleke hospitali, tusingoje ndoto ya mtu. Pili, huruma ni kitu chema, nayo ni wajibu wa kila mwenye uwezo. Lakini mwenye kuwahudumia wengi ana wajibu pia wa kuutunza mwili wake, kwa kuwa akianguka yeye, wote wanaomtegemea wameanguka. Cayce aliwaambia maelfu ya watu wapumzike, wale vizuri, wasijitese. Maneno hayo yalikuwamo chumbani mwake, yamepigwa chapa na kupangwa kabatini. Ni yeye peke yake ambaye hakupata nafasi ya kuyafuata.

Mganga hajigangi. Basi walio karibu naye na wamgange.